Burashi Laini, Ncha ya Waya: Uzoefu Wangu Malindi

Nimekaa na hasira hii muda wa kutosha, na sasa naiandika, kwa sababu najua si mimi peke yangu hapa Malindi ninayetafuta burashi ya kuoshea rimu za gari bila kuzitia mikwaruzo. Niliipata, nikailipia, nikaifurahia kwa wiki kadhaa, kisha ikaniharibia rimu. Nilipoirudisha dukani niliambiwa maneno ambayo sikutarajia kuyasikia kutoka kwa kijana aliye rika moja na kitinda mimba wangu.

Mimi nauza leso na vitambaa, na siku nyingi navuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui na Gongoni. Anayeijua njia ile anajua magurudumu hurudi na nini: udongo mwekundu wakati wa mvua, mchanga wakati wa kiangazi, na chumvi ya bahari ambayo imo hewani mwaka mzima, upepo uwe wa kusi au wa kaskazi. Juu ya hayo kuna vumbi la breki, ambalo wengi hulidhania kuwa uchafu wa kawaida. Vumbi lile lina chembe za chuma zinazosagika pedi inapoibana diski. Hurukia rimu zikiwa bado za moto, zikaganda kwenye vanishi, na zikiachwa hugeuka vitone vya kahawia ambavyo maji matupu hayavitoi. Ukizisugua zikiwa kavu, umepitisha msasa. Nilishamwona kijana akiosha gari la mgeni kando ya barabara kwa kumbi la nazi, akisugua rimu kama anayesugua sufuria iliyoungua, nikashindwa kutazama.

Rimu ya aloi ikichubuka vanishi huku kwetu pwani, mkwaruzo ni mwanzo tu. Chumvi hujipenyeza palipochubuka, ikaingia chini ya rangi, na baada ya muda ukaona weupe unatambaa kama mizizi na rangi inaanza kuinuka. Nilipoteza rimu mbili namna hiyo katika gari langu la kwanza. Hizi za sasa nilizipeleka kwa fundi wa rangi, akazirudia zote nne kwa rangi nyeusi ya kung'aa, ambayo haifichi kosa hata dogo. Kwa hiyo niliingia katika lile duka la vipuri, ambalo sitalitaja jina, nikiwa na shida moja tu: nipewe burashi laini.

Niliyopewa ilikuwa ile ndefu ya kuingiza katikati ya miguu ya rimu ili kufikia upande wa ndani. Nyuzi zake ni nyembamba mno, tena zimechanwa kwenye ncha, na zimebanwa baina ya waya mbili zilizosokotwa pamoja. Mwishoni, pale waya zilipokatwa, palivishwa kifuniko kidogo cha mpira mweusi, mfano wa kofia ya kalamu. Muuzaji aliniambia ni laini kama unyoya wa kifaranga. Nililipa shilingi 850 bila kuomba kupunguziwa, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kwa wiki za mwanzo ningeisifu mbele ya yeyote. Nikifika nyumbani naliacha gari lipoe, kwa maana sabuni hukauka upesi juu ya rimu ya moto ikaacha madoa. Kisha namwaga maji mengi ili mchanga utoke kabla sijagusa kitu. Huwa na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia burashi, na ndoo hizo na burashi hiyo haviendi kabisa kwenye bodi ya gari. Burashi iliingia pasipoingia mkono wangu, ikatoka na maji meusi kama wino, na rimu ikabaki inameta. Nilimsifia hata dada yangu kwa simu.

Kisha ikafika asubuhi moja, nikiwa kwenye gurudumu la mbele kushoto, nikasikia sauti ambayo haikuwa ya nyuzi. Ilikuwa kama msumari juu ya kigae. Nilisukuma mara moja zaidi, na hilo silisahau, kwa sababu nilidhani ni kijiwe. Nilipoitoa burashi, kifuniko hakikuwapo. Nilikikuta kimelala ndani ya rimu. Waya mbili tupu zilikuwa zimechomoza, zimekatwa mshazari, zina makali. Pale kwenye shina palikuwa na gundi kavu ya manjano iliyobambuka kama ganda la kitunguu. Kumbe kofia ile ilishikwa kwa gundi tu, na maji na sabuni vilikuwa vimeilegeza siku baada ya siku bila mimi kujua.

Nilisuuza rimu, nikaifuta, nikatazama. Mkwaruzo ulikuwa mmoja wenye urefu wa kidole, umepinda kwa kufuata mzunguko wa rimu, na pembeni yake pana mwingine mfupi. Nikapitisha ukucha juu yake polepole, nao ukakwama. Ukucha ukiteleza, ni vanishi ya juu iliyoguswa na fundi anaweza kuing'arisha. Ukikwama, umeshapita.

Nilirudi dukani siku ile ile. Niliingia kwa salamu kama nilivyolelewa, naye yule kijana aliyeniuzia hakuitikia, macho yako kwenye simu. Nikaiweka burashi juu ya kaunta na kumwonyesha ncha. Akaitazama kwa jicho moja, akasema:

"Mama, hizi ni za watu wanaojua magari. Mwambie mzee aje mwenyewe tuelewane naye."

Nikamjibu, "Mwanangu, mzee hana gari. Gari ni langu, burashi nimenunua mimi, na pesa ulizipokea kwa mkono wako huo."

"Basi umeisukuma kwa nguvu. Vitu hivi vinataka ustaarabu."

Ustaarabu! Neno hilo ndilo nililorudi nalo nyumbani. Sikuwa nimemdai gharama za rangi. Nilichoomba ni shilingi zangu 850 au burashi nyingine ambayo kofia yake imekaza, na nilikuwa tayari kuondoka na lolote kati ya hayo. Wakati bado nimesimama pale, aliingia mwanamume kununua mafuta ya breki, na yule kijana akainuka, akaamkia, akahudumia, akacheka naye. Kumbe salamu anazijua.

Haki lazima niiseme, hata kwa anayeniudhi. Usiku ule sikupata usingizi, nikajiuliza kama huenda kosa ni langu, kama labda mchanga ulinasa kwenye nyuzi ukafanya uharibifu ambao naisingizia waya. Lakini mchanga huacha michirizi mingi, myembamba kama nywele, wala hauachi mfereji mmoja wenye kina. Asubuhi nikachukua CD ya zamani, nikailowesha kwa sabuni, nikaisugua kwa zile nyuzi upande unaong'aa, kisha nikaitazama juani. Haikuwa na alama hata moja. Nikaigusisha ile ncha ya waya mara moja tu, na mstari ukajichora hapo hapo.

Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba burashi yenyewe haina kosa. Nyuzi ni nzuri, nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na anayeipata anaweza kuinunua mradi aizungushe kofia kwa vidole kabla ya kulipa, ikizunguka, airudishe. Mimi mwenyewe nimekata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikaivisha ncha ile, nikaifunga kwa uzi wa nailoni mara nyingi na kuukaza, na ninaitumia kwa magurudumu ya nyuma hadi leo. Haijalegea.

Lakini kila ninapoandika maneno hayo ya upole najikuta nayafuta. Kwa nini mnunuzi akate tyubu na kufunga uzi kwa kitu alichouziwa kuwa ni cha kulinda rimu? Waya mkali uliofichwa kwa tone la gundi, kisha ukapelekwa gizani, ndani ya rimu, ambako jicho halifiki, ni hatari iliyouzwa kwa jina la usalama. Msinunue yoyote yenye uti wa waya. Hivyo ndivyo ninavyosema sasa, na kile nilichosema juu kuhusu kuvisha tyubu na kufunga uzi ni cha yule ambaye ameshainunua.

Kwa magurudumu ya mbele natumia ile ya manyoya ya kitambaa iliyovikwa kwenye kijiti cha plastiki, niliyoletewa kutoka Mombasa. Ni nzito ikilowa, tena hunasa mchanga na inataka kusuuzwa mara kwa mara, lakini hata ukiikosea hakuna chuma ndani yake. Kwenye matundu ya nati natumia burashi ya kupakia rangi, ile bati lake la shingoni nikalizungushia utepe wa umeme ili lisigonge rimu. Hapo wenzangu Waislamu wawe waangalifu, kwa kuwa burashi laini za aina hiyo nyingi hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, na muuzaji hakwambii. Mimi huuliza, na nisiporidhika na jibu nachoma unywele mmoja: wa plastiki huyeyuka ukawa kitone kigumu, wa mnyama hunuka nywele zilizoungua.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshajiambia kwamba la yule kijana nimemwachia Mungu. Kisha leo, baada ya kuosha, nikainama kutazama ule mkwaruzo kwa tochi. Pembeni yake, mahali ambapo rangi ilikuwa nyeusi tii, pana nukta nyeupe ndogo kama punje ya chumvi, na nilipoigusa kwa ukucha, rangi iliinuka. Fundi amesema ataliondoa gurudumu kesho kutwa ili rimu ipigwe msasa na kupakwa upya. Nimemwambia asilichukue moja kwa moja. Kwanza litawekwa juu ya kaunta ya lile duka, mkwaruzo ukiwa juu, nami nitakuwa nimesimama nyuma yake.