Kupunguza uzito wa mauntenibaiki ya zamani: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Baiskeli ya gia ya inchi 26 iliyokuja na kontena la mtumba kutoka Japani au Ulaya mara nyingi huwa na kilo 14 hadi 16. Nyingi zinaweza kushushwa hadi kilo 12 na ushee bila kugusa fremu na bila kumaliza akiba. Kinachowaponza wanunuzi ni mpangilio. Wanakimbilia vitu vinavyong'aa, huku tairi zenye uzito wa karibu kilo moja kila moja zikiendelea kuzunguka chini yao.

Hapa tumepanga spea kwa kigezo kimoja: unalipa shilingi ngapi kwa kila gramu inayotoka. Pima spea ya zamani, pima mpya, toa, kisha gawanya bei kwa tofauti hiyo. Tuseme jozi ya tairi inauzwa 120,000 na inapunguza gramu 500. Hapo unalipa shilingi 240 kwa gramu. Bolti za titani za 40,000 zinazopunguza gramu 20 zinakugharimu shilingi 2,000 kwa gramu ileile. Bei zitabadilika kulingana na mji na muuzaji, ila hesabu ni hiyohiyo.

Nenda sokoni na vitu viwili: mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, na sumaku. Nikeli na rangi hudanganya macho, sumaku haidanganyiki. Ikinasa ni chuma, isiponasa mara nyingi ni aluminiamu, na kwa nguzo ya siti au usukani hilo peke yake linakueleza zaidi ya maneno ya muuzaji.

Usitegemee miujiza pia. Mtu wa kilo 70 juu ya baiskeli ya kilo 15 ni kilo 85. Ukitoa kilo 2.5 umepunguza takribani asilimia 3 ya mzigo, yaani kwenye mlima kama wa Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, kila saa ya kukanyaga unaokoa chini kidogo ya dakika mbili. Utaihisi zaidi unapoibeba kwenye ngazi, au unapoanza mwendo kutoka kusimama. Na kama baiskeli yako ina shokapu mbele na nyingine katikati ya fremu, ile ya bei rahisi yenye kilo 17 au 18, usiitie pesa. Iuze, utafute yenye fremu ngumu.

Kabla ya kununua chochote

Vua. Stendi ni gramu 300 hadi 500, keria huweza kufika 700 au zaidi, halafu kuna madigadi, kikinga cheni, na vishikio vya pembeni mwa usukani ambavyo huvitumii. Kengele na reflekta ya nyuma ziache. Ile sahani ya plastiki iliyo kati ya friwili na spoki usiivue mpaka skrubu yenye herufi L kwenye kibadilisha gia cha nyuma iwe imerekebishwa vizuri. La sivyo cheni itapanda gia kubwa kupita kiasi, itaingia kwenye spoki, na utanunua gurudumu badala ya kupunguza gramu 60.

Nguzo ya siti ikiwa ndefu inakatwa kwa msumeno wa chuma. Sentimita 10 zibaki ndani ya fremu, na ncha ya chini ishuke kupita maungio ya bomba la juu.

Nafasi ya 1: tairi na tyubu

Hakuna spea inayoshinda hii. Tairi ya kawaida ya 26 x 2.10 yenye waya wa chuma ukingoni ina gramu 800 hadi 950. Tairi inayokunjika, ambayo badala ya waya ina nyuzi za aramidi, hupatikana kwa gramu 550 hadi 650. Kwenye jozi hiyo ni nusu kilo, na imetoka ukingoni mwa gurudumu, mahali ambapo uzito husumbua zaidi kila unapoongeza mwendo. Ukihamia pia kwenye meno mafupi katikati, barabara ya lami inakuwa nyepesi kwa namna ambayo mizani haiwezi kuonyesha.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kulipa. Unachotafuta ni namba 559, kwa mfano 54-559. Baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani hutumia 26 x 1 3/8, ambayo ni 590. Zote huitwa "ishirini na sita" dukani na hazivaliani kabisa. Tairi ya mtumba ipinde ubavu: ukiona vijinyufa vya ukavu, iache hata kama meno yako kamili.

Tyubu ya kawaida ya mpira ni gramu 180 hadi 220. Nyepesi ni 120 hadi 150, na hiyo ndiyo tunayoipendekeza. Ukifungua ukakuta tyubu nene za kuzuia miiba, zinazoweza kupita gramu 400 kila moja, kuzibadilisha tu kunakupa nusu kilo nyingine. Zipo pia tyubu za plastiki laini, TPU, za gramu 35 hadi 50. Zinavutia, ila zina mambo mawili. Kwanza, kiraka cha mpira na solusheni ya fundi wa kando ya barabara havishiki juu yake. Unahitaji viraka vyake maalumu, na lazima uvibebe mwenyewe. Pili, breki za kubana ringi hupasha moto ringi kwenye mteremko mrefu, na baadhi ya watengenezaji hawaziruhusu kwa breki za aina hiyo. Kushuka Lushoto huku umeshika breki muda wote si mahali pa kujaribia.

Angalia valvu. Tundu la ringi lililotobolewa kwa valvu nene kama ya gari likiwekewa valvu nyembamba, valvu inayumba na kukatika shinani, isipokuwa umeweka kipete cha kujazia.

Na kwenu kukiwa na mbigili? Mbele weka tairi nyepesi, nyuma weka yenye tabaka la kuzuia miiba hata kama inaongeza gramu 100. Tairi ya nyuma hubeba uzito mwingi na ndiyo hupata pancha nyingi zaidi. Upepo uwe PSI 30 hadi 40 kwa upana wa 2.1, chini ya hapo, mpanda mzito akigonga jiwe, tyubu inabanwa kwenye ringi na kutoboka matundu mawili sambamba.

Nafasi ya 2: foko ngumu badala ya shokapu

Hii ndiyo spea moja inayotoa uzito mwingi kuliko zote, na ndiyo inayokosewa zaidi. Foko ya shokapu ya springi ya bei nafuu, mfano Suntour XCT, ni karibu kilo 2.5. Foko ngumu ya chuma cha kromoli ni kilo 1 hadi 1.3. Shokapu ya zamani ambayo mafuta na bushi vimekwisha haifanyi kazi hata hivyo. Bonyeza usukani kwa nguvu: isiposhuka, au ikigonga na kucheza mbele nyuma, unabeba chuma cha bure.

Vipimo vya kuchukua ni vinne, na vyote viandikwe kabla ya kutoka nyumbani.

Urefu wa foko, kutoka katikati ya ekseli hadi pale foko inapokaa chini ya shingo ya fremu. Shokapu ya gurudumu la inchi 26 inayoweza kushuka milimita 80 ina urefu wa takribani milimita 450, lakini ukikaa juu hushuka kidogo, kwa hiyo foko ngumu ya 425 hadi 440 inafaa. Foko fupi za zamani za 395 zimejaa sokoni. Ukiiweka hiyo, mbele inashuka, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mteremko, na pedeli zinagonga mawe kwenye kona.

Unene wa bomba la foko: milimita 28.6 ndiyo ya kawaida, 25.4 ni ya zamani. Angalia pia kama lina nyuzi au ni laini, maana aina hizo mbili hutumia stemu (kile kipande kinachoshika usukani) na beringi tofauti.

Urefu wa bomba hilo. Jumlisha shingo ya fremu, beringi za juu na chini, na kimo cha stemu, kisha toa milimita 3. Foko ya mtumba iliyokatwa fupi haina dawa, na stemu inayoshika nusu bomba siku moja itachomoka.

Mwisho, breki. Kama una V-breki, yaani mikono miwili inayobana ringi, foko iwe na vijiti vyake viwili. Foko ya diski tupu haitakusaidia.

Sumaku itumie kinyume hapa: kwa foko ya mtumba unataka inase. Chuma huonya kwa kupinda au kuonyesha ufa, hasa kuzunguka vijiti vya breki na chini ya taji, pale miguu miwili ya foko inapoungana. Aluminiamu na kaboni ambazo hujui zilianguka mara ngapi, ziache. Kile kipete cha beringi kilicho chini ya bomba la foko ya zamani usikitupe. Kigonge taratibu, upande huu kidogo na ule kidogo, ukihamishie kwenye foko mpya kwa kutumia bomba la kipenyo kinacholingana.

Hasara iko wazi: kwenye barabara ya changarawe yenye vijimatuta, mikono itajua. Tairi ya mbele ya 2.25 yenye upepo mdogo kidogo inarudisha sehemu ya ulaini huo.

Nafasi ya 3: siti, nguzo yake na usukani

Bei ndogo, kazi ya dakika chache. Siti pana ya springi huweza kukaribia kilo 1. Siti ya kawaida yenye reli za chuma ni gramu 280 hadi 350, na kwa safari ndefu haichubui kama ile. Nguzo ya chuma ya gramu 450 inabadilishwa na ya aluminiamu ya 250 hadi 300.

Kipenyo cha nguzo kimegongwa chini yake: 25.4, 26.8, 27.2 na kadhalika, na tofauti huenda kwa milimita 0.2. Usikubali "hii inaingia tu". Ikiwa nyembamba, fundi atajazia bati la kopo, na baada ya muda mdomo wa fremu unapasuka. Paka grisi kabla ya kuingiza, kwa sababu aluminiamu ndani ya chuma huganda kwa kutu na haitoki tena. Usukani nao uwe na unene uleule wa zamani katikati, 25.4 au 31.8.

Nafasi ya 4: gia moja mbele

Ukivua gia mbili za mbele, kibadilisha gia cha mbele, swichi yake na waya, unapunguza gramu 400 hadi 500. Hakikisha gia za mbele zimefungwa kwa bolti. Zilizopigwa ribiti hazitenganishiki. Gia inayobaki iwe ile yenye meno mapana na membamba kwa kupokezana, vinginevyo cheni itaruka kwenye kila shimo, na bolti zake ziwe fupi.

Wakazi wa milimani wafikiri mara mbili. Meno 22 mbele na 34 nyuma ni mzunguko 0.65 wa gurudumu kwa kila mzunguko kamili wa pedeli. 32 kwa 34 ni 0.94. Utakuwa na baiskeli nyepesi unayoisukuma kwa mguu.

Ringi hutegemea sumaku

Zikiwa za aluminiamu, ziache, isipokuwa ubavu umelika ukaingia ndani. Zikinasa sumaku, zipandishe hadi nafasi ya pili, juu ya foko, maana ringi ya chuma ikilowa karibu haishiki breki. Tafuta gurudumu zima la mtumba badala ya kusuka upya, ukiangalia upana wa habu ya nyuma (mara nyingi milimita 135) na kama linatumia friwili ya kufungia kwa nyuzi au kaseti ya kuchomeka.

Viache dukani

Bolti za titani, usukani wa kaboni usio na jina la mtengenezaji, na seti ya kubadilisha V-breki kuwa diski: hiyo ya mwisho huongeza uzito, inadai habu mpya, na fremu yako pengine haina pa kuifungia.