Asilimia 100 ya Oili Ambayo Haikubadilishwa

Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha, kwa maana injini ya gari langu imefanya kazi kwa muda mrefu na oili chakavu huku dashibodi ikinihakikishia kila asubuhi kwamba oili hiyo ni mpya. Ninazungumzia ule mfumo wa kompyuta unaoonyesha kwa asilimia uhai uliobaki wa oili ya injini. Wauzaji wa magari huusifu kwamba unamwondolea mwenye gari kazi ya kukumbuka kilomita.

Mwanzoni mwa mwaka, au pengine mwishoni mwa ule uliotangulia, mfumo ulinionya kwamba servisi imekaribia, nami nikalipeleka gari kwenye gereji kubwa yenye mapokezi, viti vya kungojea na mafundi waliovaa sare. Jioni nilikabidhiwa ufunguo pamoja na risiti iliyotaja oili mpya na filta mpya. Dashibodi ilisoma 100.

Wiki nyingi baadaye injini ilianza kutoa sauti ya chuma kugonga chuma kila ilipowashwa ikiwa baridi, sauti ya sekunde chache tu inayotoweka oili ikishapanda juu. Niliegesha mahali tambarare, nikazima injini, nikangoja oili ishuke, nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nikaifuta kwa kitambaa na kuichovya tena. Oili iligusa alama ya chini kwa shida. Ilikuwa nyeusi tititi, nyepesi mno kati ya vidole, na ilinuka petroli. Kwenye injini ya dizeli weusi huo usingenishangaza, kwa kuwa huko oili huchafuka mara tu inapoanza kuzunguka, lakini injini yangu ni ya petroli, na dashibodi wakati huohuo ilikuwa inasoma 84.

Nilirudi gereji. Kijana wa mapokezi hakunyanyua hata macho. Alimtuma mwenzake akachomeke kompyuta yao kwenye gari, akaisoma ile 84 kwa sauti ili wateja wengine wasikie, kisha akaniambia, "Mzee, mfumo hausemi uongo. Kama oili ingekuwa mbaya, ungekuambia." Nilimwomba aje aitazame dipstiki, akajibu kwamba mambo ya dipstiki ni ya magari ya zamani. Nilimwomba basi alinyanyue gari tulitazame kwa chini, akaniambia kwamba kwa hilo nitafute nafasi siku nyingine na nilipie ukaguzi. Nimeshughulika na mafundi maisha yangu yote, wakali na wapole, wala sijawahi kuona mtu akikataa kutazama kitu kilichopo mbele yake kwa sababu namba imeshamaliza mazungumzo.

Fundi niliyempelekea baadaye hakuhitaji kompyuta. Alilala chini ya gari, akaniita nami nikaingia. Bolti ya kumwagia oili ilikuwa imezingirwa na matope makavu yaliyoganda pande zote, bila alama yoyote ya spana. Juu ya filta palikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa wino mzito, mwandiko wa fundi wangu wa zamani, tarehe ya servisi iliyotangulia ile niliyolipia. Hawakugusa kitu. Walibonyeza tu kitufe cha kurudisha hesabu mwanzo, wakanipiga changa la macho kwa msaada wa dashibodi yangu mwenyewe.

Kwa haki, mfumo wenyewe umebuniwa kwa akili, na nisingependa hasira yangu ifiche hilo. General Motors, watengenezaji wa magari wa Marekani, waliuanzisha katika magari yao mwishoni mwa miaka ya 1980, na msingi wake ni wa kweli: kinachochosha oili zaidi ni idadi ya mizunguko ya injini na joto ambalo oili inafanyia kazi. Injini inayowashwa na kuzimwa kabla haijapata moto huacha maji na petroli ndani ya oili, na injini inayochemka kwa mizigo na milima huichakaza oili kwa namna nyingine. Kompyuta huzihesabu hali zote hizo, na kwa hiyo hukadiria vizuri kuliko kibandiko cha kilomita kinachomtendea kila dereva sawasawa. Nikiulizwa kuhusu hesabu peke yake, ningesema ni nzuri.

Hata hivyo, hesabu hiyo katika magari mengi haiigusi oili hata tone. Hakuna kihisi kinachopima mnato, tindikali wala uchafu. Kompyuta inachukulia kwamba ndani mna oili ya daraja lililoagizwa na mtengenezaji, ya kiasi kinachotakiwa, iliyomiminwa siku kitufe kilipobonyezwa. Ukiweka oili hafifu, haijui. Injini ikila oili hadi nusu, asilimia haitikisiki. Ile taa nyekundu ya oili nayo inahusu presha, na ikiwaka injini iko hatarini tayari. Ni sawa na daktari anayejua homa ya mgonjwa kwa kuhesabu siku alizolala kitandani.

Hata watengenezaji wamewahi kuirekebisha hesabu. General Motors walilazimika kubadilisha programu katika baadhi ya magari yao yenye injini ya lita 3.6 ili onyo lije mapema zaidi, baada ya cheni za taimingi, zile zinazoendesha vali za injini kwa mpangilio na zinazotegemea oili, kuchakaa kabla ya wakati. Vitabu vya magari mengi, kwa upande mwingine, huagiza oili ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka hata kama asilimia bado ni kubwa. Wauzaji hawalitaji hilo wanapousifu mfumo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba mfumo hauna hatia na gereji ndiyo mkosaji. Kadiri ninavyoikumbuka ile 84 iliyosomwa kwa sauti, ndivyo ninavyoshindwa kuutenga na hatia hiyo. Katika baadhi ya magari ya General Motors, kukanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho mara 3 ndani ya sekunde 5, swichi ikiwa imewashwa bila injini kuunguruma, kunatosha kurudisha asilimia 100. Mtu yeyote anaweza kufanya hivyo, akiwa na oili mkononi au hana. Mtengenezaji anayejua hivyo, kisha akaionyesha namba hiyo kwa jina la uhai wa oili, amempa kila fundi asiye mwaminifu shahidi anayeaminika kuliko mteja. Kama wangeandika "makadirio tangu kitufe kilipobonyezwa", yule kijana asingekuwa na cha kuwasomea watu pale mapokezi.

Oili sasa ni mpya, na filta nimeiona ikifungwa kwa macho yangu. Ile sauti ya kuwasha imepungua lakini haijaisha, na fundi anashuku kwamba cheni ya taimingi imeshalegea. Gereji nimeiandikia barua, nikaambatanisha picha za bolti na za ile filta yenye tarehe. Bado haijajibu.