Kutembezwa Fort Jesus Mombasa: mlipeni mwongozaji, msizunguke peke yenu

Jamani nimerudi Tanga juzi kutoka Mombasa na naandika kabla sijasahau. Ngomeni nilishaingia zamani na kikundi, tukazungushwa nusu saa, picha kwenye mizinga, basi, nikatoka sijui kitu. Safari hii mjomba akanitafutia mzee mmoja wa Mji wa Kale, anatembeza watu kwa miguu, unamlipa yeye mbali na ada ya mlango. Masaa mawili na nusu. Pesa yangu imeenda pazuri kabisa.

Mzee hakuanza na mizinga. Alitusimamisha juu ukutani akasema angalieni umbo, huyu ni mtu kalala chali kichwa kakielekeza baharini. Wareno walianza kuijenga 1593, mchoraji ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ile minara ya pembeni haikuwekwa kwa urembo, ni hesabu, kila mnara unaulinda mwenzake ili adui akifika chini ya ukuta asipate pa kujificha na risasi. Nikamuuliza, mzee, ina maana elimu ilikuja na Wareno? Akacheka, "Mwanangu, Vasco da Gama mwenyewe, baharia wao, 1498 alivushwa kwenda India na rubani aliyepewa Malindi." Akatueleza kamali, kile kibao chenye uzi wa mafundo, nahodha anauma uzi kwa meno anapima kimo cha nyota. Hapo nilitamani niwe na mwanangu asikie.

Lakini kilichonishika roho ni habari ya Yusuf bin Hasan, nilikuwa naijua juujuu tu. Baba yake Sultani Hasan wa Mombasa aliuawa kwa fitina za kapteni wa Kireno, mtoto akapelekwa Goa, makao ya Wareno huko India, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa akaitwa Dom Jerónimo, akarudishwa 1626 atawale Mombasa kama Mkristo na mtu wao. Halafu zikafika habari kwa kapteni kwamba mfalme anaonekana kaburini kwa baba yake anamsalia Kiislamu. Agosti 1631 Yusuf akaingia ngomeni na watu wake akamuua kapteni, na Wakristo kama 150 wakauawa, Wareno na Waafrika waliobatizwa, wengine walipewa nafasi wasilimu wakakataa. Mzee aliisimulia taratibu pale palipokuwa kanisa, hakumtetea mtu, alisema tu dini hapa ilikuwa imefungwa pamoja na ushuru wa bandari, huwezi kuvuta kimoja kingine kikabaki. Mimi Muislamu na dada niliyekuwa naye Mkatoliki, tulinyamaza wote wawili muda mrefu.

Jumba la vitu vilivyoopolewa baharini msilipite haraka. Ni vya meli Santo António de Tanná iliyozama chini ya ngome 1697 wakati Waomani wameizingira, na mzingiro wenyewe ulianza 1696 ukaisha Desemba 1698! Ndani ya kuta maradhi yaliwamaliza Wareno mpaka ulinzi ukabaki kwa Bwana Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate upande wa Lamu, na jamaa zake na wanawake wa Kiafrika. Hao wanawake hata majina yao hatuna, na inauma.

Sasa lile ambalo sikuridhika nalo. Ile njia iliyochongwa kwenye mwamba kushuka baharini, mara ya kwanza tuliambiwa ni njia ya watumwa. Mzee alisahihisha, ni njia ya Wareno ya kupandishia mizigo na watu kutoka majini, namshukuru kwa ukweli huo. Ila baada ya hapo utumwa akaugusa kidogo mno. Alisema Wareno walichukua watu Msumbiji wakawapeleka Goa, sawa, lakini nilipomuuliza kuhusu wafanyabiashara wetu wenyewe, watu wa Pate waliokuwa wakienda Madagaska karne ya 17 kununua watu na kuwapeleka Arabuni, akajibu kwa sentensi moja akahamia kwenye vitambaa vya Gujarati na pembe za ndovu. Namheshimu sana yule mzee, lakini wale walikuwa watu, walipakiwa kwenye majahazi yale yale tunayoyasifia, tena na watu wanaozungumza lugha yangu. Apewe robo saa nzima ya habari hiyo, wageni watavumilia, hasa sisi wa pwani tunahitaji kuisikia.

Nyota nne. Nendeni asubuhi jua halijakuwa kali, maji ya kunywa na viatu vya kukanyagia mawe. Na mkifika langoni mwombeni awasomee lile jiwe la maandishi la 1639 neno kwa neno, kapteni aliyeshika ngome ana miaka 27 anajisifu jinsi alivyowaadhibu Pate na Siyu mpaka akabomoa kuta za miji yao.