tc netem ya Linux: kama apu yako itatumika Usenge, itesti na hii kwanza

Wasee wa kuandika programu hapa Kisumu, kama bado unatesti kazi yako kwa waifai ya ofisi pekee hebu jaribu netem, kitu cha kuifanya netiweki iwe polepole makusudi. Ni ya bure, iko ndani ya kerneli ya Linux yenyewe na komandi yake tc inakuja na iproute2 (furushi la zana za netiweki za Linux), so unafungua tu teminali unaandika sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 100ms na laptopu inaanza kujijibu polepole kama seva iko ng'ambo (lo ni njia ya laptopu kuongea na yenyewe, yaani localhost).

Kitu kimoja kinachanganya watu. Ukipingi localhost utaona kama milisekunde 200, si 100. Haijaharibika bana, netem inachelewesha paketi zinazotoka, na kwa lo swali linatoka hapo na jibu pia linatoka hapo hapo, kila moja inakula 100 yake.

Lakini utamu wenyewe uko mbele. Netiweki ya ukweli haichelewi kwa kipimo kimoja, mtu akiwa ufuoni Usenge ama ndani ya matatu ya Busia inapanda inashuka, kwa hivyo weka delay 200ms 80ms (200 inayopanda ama kushuka kwa 80), ongeza loss 2% (paketi mbili kwa mia zipotee), halafu tumia apu yako kama mteja. Utabonyeza "Agiza", skrini inyamaze, utabonyeza tena, na kama seva haijui kwamba hiyo ni oda ile ile basi mama wa samaki ameagiza barafu mara mbili na pesa yake imeenda mara mbili. Localhost ikijibu chini ya milisekunde moja hiyo kitu hutaiona kamwe, na ni pesa ya mtu!

Ubaya wake ni kwamba inagusa lo yote, hata databesi yako kama unaifikia kwa TCP hapo hapo, so ukurasa unaouliza databesi mara 30 unaonekana umekufa na si kweli. Unaweza kuchuja kwa poti ukitumia prio na filter za tc hiyo hiyo, ila maandishi yake ni magumu sana, manyuali imeandikiwa mtu ambaye tayari anajua. Kwa kuchelewesha huduma moja tu mimi ningechukua Toxiproxy ya Shopify, proksi inayokaa kati ya apu na hiyo huduma. Ile ya kupunguza spidi iliyo ndani ya Chrome ni sawa kwa kuangalia ukurasa, haigusi seva inayoongea na seva. Wa Windows mko na clumsy, programu ya kazi kama hii.

Kuizima ni sudo tc qdisc del dev lo root, na ukirestati mashine inajitoa yenyewe.