Cherehani ya maboksi: uzoefu wangu baada ya masika

Cherehani niliyonunua haishoni. Ni sanamu ya cherehani ya miguu, ukubwa wake halisi, iliyoundwa kwa maboksi yaliyokwisha kutumika na gundi nyeupe ya mbao. Aliyeitengeneza ni fundi mmoja hapa Dar es Salaam anayefanya kazi kwa oda. Nililipa shilingi 180,000, nusu mwanzoni na nusu siku ya kuchukua. Kwa ufundi nilioupata, pesa yangu imekwenda mahali pake, ila usitoe yako kabla hujasoma habari ya unyevu hapo chini.

Kilichonikosha zaidi ni gurudumu la mkono. Fundi aliilowesha karatasi ya juu ya boksi, akaibandua polepole mpaka yale mawimbi ya ndani yakabaki wazi, kisha akayazungushia ukingoni yakawa kama michirizi ya chuma. Sindano ni karatasi iliyosokotwa, na ina tundu. Skrubu zina mkato wa bisibisi. Pedali imekatwa kimiani kama ile ya chuma, na ukiinama utaona kila kijia kimesafishwa, hakuna nyuzi za karatasi zinazoning'inia. Wageni wangu wengi wanainyooshea mkono kabla ya kuuliza chochote.

Chris Gilmour, Mwingereza anayeishi Italia, aliunda gari zima la Fiat 500 kwa boksi na gundi. Nilimwonyesha fundi picha zake, nikamwambia nataka hivyo hivyo: bila waya, bila mbao ndani. Akakubali, na ameweza. Siri iko kwenye mawimbi. Boksi likisimama mawimbi yakaelekea juu, linabeba uzito; likilala, linapondeka. Kwenye miguu ameyasimamisha, na kwenye kibao amebandika matabaka kwa kupishanisha.

Aliniuliza kama apake rangi nyeusi na maua ya dhahabu. Nikakataa, na wewe kataa. Rangi inaua kazi yote, mtu anadhani ni plastiki. Yangu chini ya kibao bado ina maandishi ya katoni ya sabuni na ule mchoro wa mwavuli wa kuonya boksi lisilowe.

Onyo lile ni la kweli. Masika yalipokolea, kibao kilianza kupinda upande mmoja na mguu wa nyuma ukalegea, kwa sababu fundi alipaka vanishi juu tu, chini akaacha karatasi tupu ikinyonya unyevu wa sakafu. Nilimpigia sana simu kabla hajaja. Alipokuja alinyoosha, akapaka vanishi kote, hakudai hata senti. Tangu hapo imetulia, lakini kazi hiyo ilipaswa kufanyika kabla sijalipa.

Jambo jingine ni wadudu. Gundi inayoshikanisha matabaka ya boksi kiwandani kwa kawaida ni ya wanga, na mende wanaila. Mchwa nao wanakula karatasi yenyewe. Iinue kutoka sakafuni na usiiweke jikoni.

Ukiagiza, kagua nyayo na upande wa chini kwa mkono kabla ya kumalizia malipo, na ukodi bajaji. Bodaboda haifai, upepo peke yake unatosha kung'oa gurudumu. Mimi nimeshaweka oda ya kandili, safari hii nimemwambia vanishi aanzie chini.