Kibubu cha mbao cha fundi wa Likoni: miezi tisa nikiwekea safari ya Lamu

Hiki kibubu nimekaa nacho kutoka Rajabu mpaka Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, na nimekivunja kwa nyundo mbele ya bibi yangu, kwa hivo nayoyasema hapa si ya kusikia. Nasomea Tudor, nakaa Likoni, hapa Mombasa, na safari nliyokuwa naiwekea ni ya Lamu kwa Maulidi, mimi na wenzangu wawili wa kozi. Kila mwaka twasema tutaenda, mwezi ukiandama hakuna mwenye nauli, safari hii nikasema ntaenda hata kama ni peke yangu.

Nianze na kile kibaya ili msiumie kama mimi. Kibubu cha kwanza nlinunua mjini, duka sitalitaja, shilingi 250, kizuri machoni, kimepakwa vanishi kinang'aa, kina bawaba na kikufuli kidogo cha rangi ya dhahabu na funguo mbili. Msinunue cha hivo. Kufuli ni ya nini na funguo zote mbili ziko kwenye pochi yangu mwenyewe? Wiki ya tatu kioo cha simu kikapasuka, nikafungua nikachukua 600 nikijiambia ntarudisha, sikurudisha, wiki ilofuata bando, halafu ikaja harusi ya rafiki yetu tukatakiwa mchango wa leso za sare, basi mwezi unaisha kibubu kina sarafu nane. Na hata ukimpa mtu mwingine funguo akuwekee, zile skrubu za bawaba ziko nje, ndugu yangu mdogo alichukua bisibisi akazitoa zote nikimtazama, akanirudishia mfuniko mkononi.

Ndo nikaenda kwa fundi wa mbao huku kwetu, yule atengezae vitanda na stuli, nikamwambia ami nataka kibubu kisichokuwa na mlango.

"Kisichofunguka kabisa?"

"Kisichofunguka, ami."

"Basi ushaumwa wewe."

Akataka 500 tukaelewana 400. Ni ghali kuliko cha dukani lakini sikilizeni kilivotengezwa. Plaiwudi ya nusu inchi, ukubwa wake kama tofali la kujengea, gundi nyeupe kwenye kila kiungo halafu misumari ya inchi moja na nusu, na vichwa vya misumari amevizamisha ndani akaziba juu yake kwa unga wa mbao alouchanganya na gundi, ukipapasa huoni pa kuanzia. Hakina rangi wala urembo wowote, na mi sikutaka.

Lakini kitu ambacho nataka mwende mkamwambie fundi wenu ni hiki. Kibubu cha kawaida mdomo wake uko wazi moja kwa moja mpaka ndani, ukikigeuza juu chini ukapenyeza kisu chembamba noti zateleza zatoka moja moja, mchezo huu kila mwanafunzi anaujua. Huyu fundi aliniwekea ndani, chini kidogo ya mdomo, kibao chembamba kimekaa mshazari, pesa ikiingia yateleza juu ya kile kibao yaangukia upande wa pili, na ukikigeuza kile kibao ndo kinachozuia njia. Nmejaribu na kisu, nmejaribu na pini ya nywele, usiku mmoja nina njaa na mfukoni sina kitu nikachukua sindano ya bibi ya kufumia nikakaa nayo karibu nusu saa, haikutoka hata noti ya hamsini. Nikalala na chai ya rangi na asubuhi nlishukuru sana.

Sasa pesa zenyewe zatoka wapi, manake mwanafunzi hana mshahara. Mi nlijiwekea sheria moja nyepesi, nayo ni ndovu. Hizi sarafu mpya za tangu 2018 kila moja ina mnyama wake, shilingi moja twiga, tano kifaru, kumi simba na ishirini ndovu, basi kila ndovu anayeingia mkononi mwangu hatumiki tena, akifika nyumbani aingia kibubuni, na simba namtia nikiwa naye wa ziada. Ukishazoea, macho yenyewe yanachagua chenji. Kwenye feri waenda kwa miguu hatulipi, hapo sina cha kupunguza, nlichopunguza ni upande wa kisiwani, asubuhi nikiwa na darasa la saa mbili napanda matatu mpaka Tudor, jioni natembea na wenzangu mpaka Mwembe Tayari ndo napanda ya feri, konda anirudishia chenji na ndovu wangu yuko humo. Mchana nabeba mahamri na mbaazi kutoka nyumbani badala ya kununua chipsi, siku nyingine nakula viazi karai vya hamsini na ukwaju wake nashiba mpaka jioni.

Mwezi ulojaza kibubu zaidi ni Ramadhani. Chakula cha mchana hakuna, kwa hivo pesa ya mchana yabaki nzima, na alasiri nlikuwa namsaidia mamangu kukaanga kaimati za kuuza kabla ya futari, yeye anachota unga mi nageuza na kutia shira, tukimaliza anipa mia moja kila siku, na ile mia sikuiweka kwenye pochi hata siku moja, natoka jikoni mikono ina shira naenda nayo moja kwa moja chumbani kwa bibi. Idi nayo maami zangu wakanipa mia mbili mbili.

Najua mtasema mbona usiweke kwa simu. Wallahi simu ina mazuri yake na siwezi kuyakana, M-Shwari, ile akiba ya ndani ya M-Pesa, ipo tangu 2012 na ina ile akaunti ya kufunga, ukitaka kutoa kabla ya siku yake sharti utoe notisi ya saa 48, na pesa yako yapata faida kidogo, kibubu hakikuongezei hata senti. Mwenye kuingiziwa pesa ya HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, kwa mkupuo naona ni bora aifunge huko siku ile ile kabla hajaizoea. Lakini pesa yangu haiji hivo, yaja ishirini ishirini, na ishirini huendi kupanga foleni kwa wakala. Na ikiwa kwenye simu bila kufungwa, mwenzako akipiga usiku akikwambia nitumie hata mia, utamnyima vipi na yuko kwenye shida? Ikiwa kibubuni namwambia sina na ni kweli sina.

Mahali pa kukiweka pia ni muhimu. Mi sikukaa nacho chumbani kwangu, nlimpa bibi, akakisukuma chini ya kitanda chake na mi naingia tu kutia. Bibi hakuwa na wasiwasi wa mwizi, wasiwasi wake ulikuwa muda. Yeye 2019 noti za elfu za zamani zilipofutwa, mwisho 30 Septemba, alizibadilisha zote alozikumbuka, halafu mwezi wa kumi na moja akatoa leso sandukuni akakuta tatu zimefungwa kwenye pindo. Elfu tatu, na mpaka leo anazo, alinionyesha, zimekunjwa zimekuwa ndogo kama kidole. Akanambia "mjukuu wangu, kibubu kisione Ramadhani mbili". Nami nawaambia vivyo hivyo, wekeni siku ya kuvunja mapema na mvunje.

Kasoro yake kubwa ni unyevu, na hapa nakipa nne juu ya tano kwa sababu hiyo. Hewa yetu ya pwani mnaijua, na kile chumba cha bibi ukuta wa nyuma hutoka jasho msimu wa mvua, kibubu kimekaa sakafuni kimeegemea ukuta, plaiwudi ya chini ikavimba na kutengana kidogo kwenye pembe. Kuvunja, noti za chini zimeshikana zina harufu ya ukungu, tukaziachanisha pole pole na kuzianika juu ya mkeka chini ya feni, za mia mbili zikachanika pembeni ila zikapokelewa. Nlikuwa nakitikisa kila Ijumaa, mwanzo kilikuwa kikilia sana, mwisho kikawa kizito na sauti imekufa, nikafikiri kimejaa tu kumbe na maji yamo.

Hesabu yenyewe, kwa wanaotaka kujua mwanafunzi anaweza kufika wapi. Noti za mia tano 5, za mia mbili 17, za mia 38, za hamsini 31. Ndovu 96, simba 74, na sarafu moja ya shilingi arobaini, ile ya 2003 yenye sura ya Kibaki, sijui nlipewa na konda gani. Jumla 13,950. Bibi alihesabu mara mbili, mara ya pili akiwa amevaa miwani, akanikumbatia.

Zikatosha nauli ya basi kwenda na kurudi, boti ya kutoka Mokowe kuvuka mpaka Lamu, chumba tulichogawana watatu usiku nne, na chakula, sikukopa kwa mtu. Lamu yenyewe sitaisimulia hapa nikaimaliza, nlisimama nje ya msikiti wa Riyadha usiku ule watu wamejaa mpaka vichochoroni, kasida inapanda, machozi yakanitoka. Na kule Mokowe nlimlipa nahodha kwa ndovu watupu, akawapanga juu ya ubao wa boti mmoja mmoja akiwahesabu, akawatia mfukoni, akanipa mkono nikashuke ndani.

Nlirudi na 1,130 na jumatatu yake nikaenda tena kwa fundi nikamwonyesha vile vipande vya plaiwudi ya chini. Akavinusa, akasema kosa ni langu na lake, cha pili atanitilia miguu minne ya inchi mbili kisiguse sakafu na upande wa chini ataupaka rangi ya mafuta. Bei ni ile ile 400, miguu hailipishi. Jumamosi nakichukua.