Eksirei na MRI kwa uvimbe wa mfupa: tumepima zote mbili, maoni yangu haya hapa

Naandika kwa ajili ya wazazi na walezi ambao mtoto kashaambiwa "kuna kitu kwenye mfupa" na sasa wanahangaika waanzie wapi, maana hapa Dar ukiuliza watu watano wanne watakwambia kimbia MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, eksirei ya nini, hiyo ya kizamani. Mimi napinga kabisa. Tumempima mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 15, uvimbe juu kidogo ya goti kwenye mfupa wa paja, tumefanya eksirei, tukafanya MRI kituo binafsi, halafu MRI tena hospitali ya rufaa, na eksirei ndio iliyotufanya tusipoteze muda.

Eksirei naipa nyota tano. Picha mbili tu, ya mbele na ya ubavu, dakika chache kamaliza. Bei haifanani hata kidogo na MRI, huku unahesabu maelfu, kule unahesabu malaki. Daktari wa mifupa akatuita mbele ya kompyuta akasema, "Mama, angalia mpaka wa uvimbe." Uvimbe unaokua taratibu mara nyingi mpaka wake unaonekana safi, kama umechorwa, na pembeni kuna mstari mweupe ambao mfupa umejijengea. Wa kijana wetu mpaka haukuwepo, mfupa mzima na mfupa mgonjwa vimeingiliana huwezi kusema hapa ndio mwisho. Kisha akatuonyesha ile ngozi ya nje ya mfupa imenyanyuliwa pembeni ikafanya kikona, wenyewe wanaita pembetatu ya Codman, na vimistari vyembamba vinatoka nje kama miale ya jua. Akasema sijakwambia ni kansa, ila hii haingoji mwezi ujao. Yaani yote hayo kwenye picha ya bei ya chini!

Na sio mpaka tu. Eksirei inamwonyesha daktari uvimbe uko mahali gani, anaunganisha na umri wa mgonjwa, na kwenye mifupa hivyo viwili vinasema mengi. Osteosakoma, aina ya kansa ya mfupa, inapenda vijana wanaokua, hasa karibu na goti, Ewing, kansa nyingine ya mfupa, mara nyingi inakaa katikati ya mfupa mrefu, kuna uvimbe wa seli kubwa unaokaa mwishoni kabisa karibu na kiungo kwa watu ambao wameshamaliza kukua. Na wale wenye kinundu cha mfupa kilichochomoza nje, osteokondroma, wengi wao eksirei inatosha hawahitaji kuingia gharama zaidi, isipokuwa kinundu kikianza kuuma au kikikua wakati mtu ameshakuwa mtu mzima.

Udhaifu wake upo. Mfupa inabidi uwe umepoteza karibu theluthi mpaka nusu ya madini yake sehemu ile ndio shimo lionekane vizuri kwenye eksirei, kwa hiyo mwanzoni kabisa inaweza kutoka safi, na kwenye nyonga na uti wa mgongo ndio usiseme, vitu vinafunikana. Mtoto akilia na mfupa usiku, maumivu hayaishi, na eksirei ni safi, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya kuchua kila mara. Hapo ndipo MRI inapodaiwa.

Sasa MRI. Kituo cha kwanza wahudumu wazuri sana, walimvua cheni na mkanda, wakamuuliza kama ana chuma chochote mwilini, wakamvalisha hedifoni maana ile mashine inagonga kelele kweli, na mtu anatakiwa atulie bila kujitikisa nusu saa na zaidi. Kuna watu wanaogopa eti ina mionzi mikali, hapana, ni sumaku na mawimbi ya redio, mionzi iko kwenye eksirei na siti skani. Lakini kazi yenyewe naipa nyota mbili, kwa sababu walipiga goti peke yake kama vile kijana kaumia mpirani. Picha ikaishia juu wakati uvimbe bado unaendelea! Hospitali ya rufaa wakasema hii haitusaidii, tunataka paja zima, kutoka nyonga mpaka goti, kwa sababu osteosakoma inaweza kuruka na kuweka kijiuvimbe kingine juu kwenye mfupa huohuo. Tukalipa upya. Iliniuma sana ile hela, dada yangu alikuwa kaikopa kwenye kikoba.

Ya pili nyota tano. Ndani ya uboho uvimbe ulikuwa mrefu kuliko tulivyoona kwenye eksirei, goti lenyewe halijaingiliwa, mishipa mikubwa ya damu nyuma ya goti imesukumwa lakini haijazungukwa, na hakuna kilichoruka. Daktari wa upasuaji anapima hapo akate wapi na kama mguu unaweza kubaki. Hiyo eksirei haiwezi kukupa.

Ila MRI peke yake inatisha watu bure. Binti wa jirani, mkimbiaji, alipelekwa MRI bila eksirei, mfupa wa muundi ukaonekana umejaa maji, ripoti ikaandika haiwezi kuondoa shaka kwamba ni uvimbe, familia ikalia wiki nzima. Kumbe ni ufa wa kuchoka kwa mfupa. MRI inaona maji ya kila aina na maji hayasemi yametoka wapi, ndio maana mtaalamu anayeisoma anatakiwa awe na eksirei pembeni.

Jingine, MRI ifanyike kabla ya biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe kikapimwe. Sindano ikishaingia inaacha damu na nyama ya pembeni inavimba, picha inavurugika. Na biopsi yenyewe apange daktari atakayepasua, kwa sababu njia ile ya sindano inakuja kuondolewa pamoja na uvimbe. Majibu ya mwisho yanatoka huko, eksirei na MRI zote hazitoi jina la ugonjwa kwa uhakika. Kwetu ilitoka osteosakoma, akapigwa siti skani ya kifua kuangalia mapafu, sasa yuko kwenye dawa.

Mkienda, ombeni sidii yenye picha zote, sio karatasi ya ripoti na picha mbili za kwenye simu. Kabla ya upasuaji atapigwa MRI nyingine, na daktari atataka kuiweka pamoja na ile ya mwanzo aone uvimbe umefanyaje baada ya dawa.